Wiki Tatu Nilizoonewa Huruma

Dada yangu alikuwa anafundisha chekechea Njoro, Moshi mjini, alipoanza kutokwa na damu kwenye fizi. Alidhani ni mswaki mgumu. Yakaja madoa ya zambarau miguuni, kisha homa isiyosikia dawa, na mwisho akapelekwa kwa daktari mmoja mama ambaye maisha yake yote kazini alishughulika na saratani za damu tu.

Daktari huyo alikuwa mtu wa huku kwetu Machame. Alikuwa na mvi na sauti ya chini. Ofisini kwake kulikuwa na darubini iliyofunikwa kwa kitambaa, na rafu ya mafaili iliyofika darini. Alimtibu dada kwa dawa kali miezi kadhaa. Nywele zikaisha, ugonjwa ukatulia. Hapo akatuita sote: baba, mama, kaka zangu wawili na mimi. Alisema ugonjwa umelala tu, na ili usiamke inabidi dada apandikizwe uloto, yaani ule uboho wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Ungetoka kwa ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, kama angepatikana wa kufanana naye. Tukapimwa. Kaka zangu hawakufanana naye. Nilifanana mimi.

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Shule niliishia la saba. Kazi yangu ni ng'ombe wetu wawili, kuwatafutia majani na kusafisha banda. Mbele ya wakubwa huwa sina maneno. Daktari aliponiuliza kama niko tayari kutoa, baba alijibu kabla yangu.

"Yuko tayari. Huyu hana shida."

Nikatikisa kichwa kukubali. Daktari aliniangalia kidogo, akaandika kitu.

Wenzangu ninaokwenda nao kukata majani kule chini tambarare walishapata habari.

"Kwa hiyo watakutoboa nyonga?" aliuliza mmoja huku akinoa mundu.

"Sijui. Wamesema ni sindano."

"Sindano ya kunyonya uboho. Bwana, mtori wa ndizi na mifupa umekula miaka yote, sasa ni zamu yako kuwa mtori."

Walicheka, na mimi nilicheka nao. Mkubwa wetu hakucheka. "Utani kando," alisema. "Mwanaume akishatolewa uboho, watoto atawapata wapi? Na wewe ndiye wa kubaki na nyumba."

Neno hilo halikunitoka kichwani. Ningeweza kumuuliza daktari, lakini kumtamkia mama wa umri ule habari za kuzaa kulinishinda.

Wiki iliyofuata daktari aliniita. Baba alinisindikiza, na mlango ulipofunguliwa akainuka tuingie pamoja.

"Mzee, wewe tusubiri hapo kwenye benchi," daktari alisema. "Huyu nataka nimsikie peke yake."

"Ni mwanangu."

"Ndiyo sababu."

Ndani alinikalisha karibu na darubini. Alisema alipokuwa kijana alikwenda nje ya nchi kusomea kazi hii, na wakati huo aliamini kazi yote iko kwenye kioo cha darubini ile. Akaletwa mgonjwa kutoka huku nyumbani, pamoja na mdogo wake wa kumtolea. Mdogo mtu alikuwa amekubali mbele ya ukoo mzima. Mgonjwa akapewa dawa za kuua uloto wake wote, kwa sababu bila hivyo ule mpya haushiki.

"Siku ya kutoa, mdogo wake hakuonekana," daktari alisema. "Alikuwa ameshapanda ndege kurudi."

"Mgonjwa akawaje?"

"Hakurudi nyumbani."

Alinionyesha rafu. Tangu hapo, alisema, utafiti wake umekuwa na miguu miwili. Nusu ya mafaili yale ni ya wagonjwa, na nusu ni ya watu wanaotoa: walikubali vipi, waliulizwa na nani, waliogopa nini. Kila mmoja wao alikaa peke yake kwenye kiti nilichokalia mimi.

"Dada yako akishapewa zile dawa, hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo kama unataka kukataa, kataa leo. Sababu yako sitamwambia mtu, hata baba yako. Kuna unalotaka kuniuliza?"

Swali lilikuwa mdomoni. Nikaangalia sakafu. "Siwezi kutoa," nikasema.

Hakunikaripia. Alitoka akamwambia baba: "Hatutaendelea naye. Sababu ni ya kwake na yangu, siwezi kuieleza."

Hakusema uongo. Uongo tuliumalizia sisi. Tulipofika nyumbani baba alikuwa ameshajijibu: damu yangu nayo ina kasoro, na daktari ameogopa kututangazia. Mama alikaa chini jikoni akalia kwamba sasa ana wagonjwa wawili. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kusema neno moja, sikulisema.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa. Kaka zangu waligawana majani ya ng'ombe na kunikataza kubeba mzigo. Mama alinipikia mtori kila siku. Majirani walikuja na mikungu ya ndizi kunipa pole, na wazee walinishika mkono kwa muda mrefu kuliko salamu. Wale wenzangu wa majani waliacha utani kabisa, na hilo nalo liliniuma.

Dada alikuwa amerudi nyumbani kupumzika, kitambaa kichwani, amekonda. Yeye aliandikiwa mayai. Kila asubuhi alinisogezea lake.

"Kula, mdogo wangu. Mimi kuumwa nimeshazoea, wewe ndio unaanza."

Nilikula. Ninaandika hili polepole kwa sababu kila nikifika hapa mkono unakuwa mzito. Nilikula mayai yale wiki tatu.

Siku moja alikuwa anamenya ndizi, akaniita nikae karibu. Alisema amempigia nesi wa kliniki. "Jumatatu ni zamu yangu kumwona daktari. Nimeomba uende wewe upimwe vizuri. Mimi nitasubiri mwezi ujao."

Mwezi kwake haukuwa kitu cha kugawa. Hata mimi nilijua.

"Dada, mimi siumwi."

"Usijikaze."

"Siumwi. Nilikataa."

Aliendelea kumenya. "Ulikataa nini?"

"Kukutolea."

Kisu kikasimama. "Na mayai yangu umekula."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Alicheka, lakini haikuwa furaha. Akaniuliza kwa nini, nami nikamweleza habari ya watoto. Aibu kubwa ilikuwa imeshapita, ile ndogo haikuwa na nguvu tena.

"Ulimuuliza daktari?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mimi nife kwa swali." Alifuta mikono kwenye kanga. "Jumatatu tunakwenda wote. Uulize mwenyewe. Na jibu lako usiniletee mimi, mpe daktari. Sitaki unitolee kwa kuwa nimekufumania."

Nilimuuliza daktari nikiwa nimeangalia kile kitambaa cha darubini. Alinijibu bila kucheka. Ningechomwa sindano siku kadhaa ili seli zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, mwili ungeuma kama wa mtu mwenye malaria, kisha mashine ingezichukua kupitia mkononi. Na uzazi haziugusi kabisa. Nikasema basi niko tayari. Alikataa kuliandika jibu langu siku hiyo. Alinirudisha nyumbani wiki nzima, nirudi mwenyewe kama bado nataka.

Nilirudi. Nyumbani waliambiwa tu kwamba sasa ninaweza kutoa, wakajijibu tena wenyewe kuwa nimepona. Mifupa iliniuma kama alivyosema, mgongo zaidi. Katika hospitali ya mbali tuliyopelekwa nililala saa nyingi, bomba mkono huu na mkono huu. Mfuko uliojaa ulikuwa mdogo hata nikaona aibu upya. Dada alikaa chumba cha peke yake majuma mengi. Alitapika, alitokwa na vidonda mdomoni, na kuna siku hakunitambua nilipomchungulia kupitia kioo cha mlango. Kisha hesabu ya damu yake ikaanza kupanda.

Aliporudi Machame, mama alitoa shukrani kanisani. Alisimama mbele na sisi wote nyuma yake, akasema Mungu aliiponya kwanza damu ya kitinda mimba wake, ndipo ikamponya dada yake. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanipa kipaza sauti. Nilisema "asante", nikakirudisha.

Mama bado anawasimulia wageni hivyo hivyo, nami nipo nawakaribisha chai. Dada hajanisema kwa mtu yeyote. Nilimwomba amwambie mama kwa niaba yangu, akakataa. Alisema yeye alichotaka kwangu ameshakipata, hili lililobaki ni la mama, nimpelekee mwenyewe.