Siku Tuliyowavusha Samaki wa Mama

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, Mzungu aliyekuwa mwenye nyumba yetu Likoni aliuza kila alichokuwa nacho ili arudi kwao. Mama akapewa wiki tatu ahame. Namwita mama, lakini hakunizaa. Alikuwa mjane wa Kigoa niliyemfanyia kazi tangu nilipoachika, mimi binti wa Kidigo wa miaka ishirini na minne. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtu akisimama mlangoni, alimjua kwa sauti tu.

Binti wa kaka yake akaja kutoka Kisauni.

"Shangazi, njoo ukae nasi. Chumba kipo. Ila lile sanduku la maji liache huku huku."

"Basi na mimi niacheni huku huku," mama akajibu, akageuza uso mpaka binti yule akakubali sanduku nalo lije.

Sanduku lenyewe lilikuwa la vioo, lenye fremu ya chuma iliyopakwa lami, limejaa maji ya bahari. Marehemu mumewe, aliyekuwa karani bandarini, alilijenga kwa mikono yake. Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, alishuka mwambani na ndoo, akarudi na jiwe la tumbawe lililo hai, au samaki mdogo wa rangi. Nilipofika mimi, ndani yake mlikuwa na mawe yaliyoota vitu kama nyasi laini, samaki mmoja wa buluu iliyokoza, mkali kama askari, na kiumbe mmoja kama ua nene lenye vidole vingi, ambamo walilala samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Kwetu vitu hivyo havikuwa na majina, maana haviliwi. Umeme hatukuwa nao. Marehemu alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la gari, akaufunga mrija mwembamba. Mimi niliujaza upepo kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni, na upepo ukatoka kidogo kidogo ndani ya maji. Mama alikaa kando ya povu lile kutwa nzima. Ile rangi ya machungwa, aliniambia, ndiyo rangi pekee macho yake yaliyokuwa bado yanaikamata.

Kwa hivyo nilipoambiwa, "Utawahamisha wewe, mwanangu, nakuamini," nilijibu "Inshallah, mama," kisha nikaenda jikoni nikakaa chini. Kutoka Likoni hadi Kisauni ni kuvuka feri, kukata kisiwa kizima, kisha kuvuka daraja la Nyali. Samaki hawa sikuwahi kuwatoa hata kwenda ukumbini.

Mama alinifundisha alivyofundishwa na mumewe. Bati lisiguse maji yao, linawaua. Madebe basi hapana. Nikaenda nyumbani kwetu nikaomba mitungi ya udongo, mamangu mzazi akanipa saba huku akininung'unikia kwamba nimerogwa na samaki. Kwa siku tatu nililoweka mitungi ile katika maji ya bahari ili utamu wa maji ya kisima utoke. Bahari ilipojaa na maji yakawa safi, nilichota na kujaza pipa la mbao, nikalifunika kwa shuka. Kakangu mkubwa, aliyekuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja wa Changamwe, aliomba ruhusa ya nusu siku.

"Nusu siku tu," aliniambia. "Saa saba gari liwe limerudi Changamwe. Msinitie matatani."

Alfajiri ile tulianza kazi. Kaka alinyonya maji kwa mpira wa bomba, tukayahifadhi ndani ya mitungi. Lile ua halikukubali kubanduka kwenye jiwe lake, tukalitoa na jiwe lake, na wale wawili wakalifuata wenyewe ndani ya mtungi wenye mdomo mpana. Nilishukuru. Lakini wa buluu hakuonekana. Nilitafuta nyuma ya kila jiwe mpaka mchanga ukatibuka, ukatoa harufu ya mayai viza. Nikaingiwa na hofu, nikainua jiwe kubwa la mwisho upesi upesi ili nimtoe katika uchafu ule. Kumbe alikuwa amejificha katika tundu la jiwe. Akachomoka, akaanguka sakafuni, akajipigapiga kwenye saruji. Aliniteleza mara mbili kabla sijamdaka na kumtia mtungini. Upande mmoja ulikuwa umechubuka.

"Kuna nini?" mama aliuliza kutoka chumbani.

Kaka alinitazama. Mimi nikasema, "Hakuna kitu, mama. Ni jiwe limeanguka."

Nikaikausha saruji kwa kanga kabla mama hajatoka chumbani.

Mchanga ule mbovu tuliuacha, sanduku tupu na pipa tukavipakia garini. Saa mbili tulikuwa ferini, mama mbele na kaka, mimi nyuma na mitungi iliyozungushiwa magunia mabichi. Siku hiyo ilikuwa ikifanya kazi feri moja tu, na foleni ilikuwa imepanda mpaka juu ya mteremko. Jua likapanda nalo. Kila baada ya kitambo mama aligonga kioo cha nyuma.

"Samaki wapumua?"

"Wapumua, mama."

Nilifunua mtungi wa wale wawili. Walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakimeza upepo. Nilichukua kata ya kifuu, nikachota maji, nikayainua juu na kuyamwaga tena ndani, nikachota, nikamwaga, ili upepo uingie. Nikahamia mtungi wa yule wa buluu, nikarudi kwa wale. Mikono iliniuma, sikuthubutu kusimama. Watu wa foleni walinizunguka.

"Dada, mchuzi huo hauna hata moto," mmoja akasema, wakacheka.

"Moto ni jua hili, niondokeeni," nikamjibu, na sauti ikanikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa na tenga la ndizi alinitazama usoni, akaacha kucheka. Alifungua mwavuli wake, akanisimamia nao juu ya mitungi mpaka zamu yetu ilipofika.

Pikapu ilipopanda feri, gurudumu liliruka kwenye bati la mlango, mitungi ikagongana. Nikasikia *pa*. Mtungi wa ua ulikuwa umepasuka toka mdomo hadi tumboni, maji yakichuruzika chini ya magunia. Nikapiga kelele. Kaka aliruka kutoka usukani na debe tupu mkononi.

"Tia humu!"

"Hilo la mafuta ya taa, kaka! Tena ni bati!"

"Basi tuwatie wapi?"

Nikakumbuka beseni la mama la kunawia, la chuma kilichopakwa rangi nyeupe kama kigae. Lilikuwa limefungwa pamoja na mashuka. Nilipasua furushi, nikasuuza beseni kwa maji ya pipa, nikatia maji mengine, nikaliweka jiwe humo, na wale wawili nikawakamata kwa mikono kabla mtungi haujakauka. Mama alikuwa akiita, "Nini? Nini?" Safari hii nikamweleza ukweli, kwamba mtungi umepasuka na samaki wamo ndani ya beseni. Nilimwona kupitia kioo akifanya ishara ya msalaba.

Beseni halikuwa na mfuniko. Nililipakata, kisiwa kizima, kila shimo la barabara likinirushia maji kifuani. Daraja la Nyali wakati ule lilikuwa la kuelea, na gari likipita lilipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Hapo nilifumba macho nikasoma kila sura niliyoijua. Nilipoyafungua, samaki mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya vidole vya ua. Nikachota maji ya pipa, nikayatia taratibu. Akajiinua, akalala tena, akajiinua.

Kisauni, binti yule alikuwa ameandaa meza ya mbao ukumbini. Kaka aliitikisa, ikalia. Akaenda nyuma akarudi na matofali, akapanga msingi kwenye pembe isiyofikwa na jua, bila hata kuitazama saa yake. Tukarudisha mawe, tukamimina maji ya mitungi na ya pipa, kisha viumbe mwisho. Maji yakawa meupe kama tui. Hatukuona kitu. Kaka akaondoka mbio, na baadaye nilisikia tajiri alimfokea sana.

Siku mbili maji yalikuwa tui. Nilijaza mpira upepo kila nilipopita. Niliubeba mtungi pwani na kurudi mara sita kwa siku kubadilisha maji. Mama aliuliza, "Waona rangi?" nikajibu, "Bado."

Asubuhi ya tatu yalianza kusafika. Ua lilikuwa limejikunyata kama ngumi, lakini wale wawili walikuwa wakilizunguka, hai wote. Wa buluu alikuwa chini, nyuma ya jiwe, amekwisha kuanza kuoza. Nilimtoa kwa kata, nikamfunika kwa jani la mgomba. Ningeweza kumzika nikanyamaza, mama asingemwona. Nilikaa naye uani mpaka nikaona sitaweza kula tena katika nyumba ile.

"Mama," nikasema, "wa buluu amekufa. Ni mimi niliyemwangusha Likoni. Lile halikuwa jiwe."

Uso wake ulikunjamana. "Nilikuuliza."

"Ndiyo, mama. Nilidanganya."

"Marehemu alimfuata mpaka shingo ikafikwa na maji, samaki yule." Alilia, wala hakuniita mwanangu siku hiyo. Chakula cha mchana alikula peke yake, mlango umefungwa. Nilifunga nguo zangu nikijua nitafukuzwa.

Alasiri akaniita.

"Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu," alisema, "mume wangu aliosha mawe kwa sabuni ili yapendeze. Alijisahau, mtu mwenye akili zake. Samaki wakafa wote siku moja. Akanificha, akaniambia wameibwa." Alijifuta macho. "Nikamwuliza, mwizi gani anayeiba samaki akaacha saa ya ukutani? Sikusema naye wiki nzima. Lakini wewe umeniambia mwenyewe, siku ya tatu. Mpira una upepo?"

"Umepungua, mama."

"Basi nenda ukaujaze."

Nilikwenda, nikaujaza mpaka ukakaza. Ua lilifunguka kabla ya wiki kwisha. Nilikaa na mama miaka mitano mingine, mpaka alipofariki, na wale wawili wakabaki hai baada yake. Nilipoolewa tena niliwaacha kwa binti yule wa Kisauni, ambaye kufikia hapo alikuwa hamruhusu mtu mwingine kugusa maji yao.