Kanisa Lililogawana Mabenchi

Kanisa letu halikuwa na askofu. Baba alimwambia hivyo kila mgeni, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha shamba lake. Mchungaji tulimchagua wenyewe, na hata likiwa ni jambo la kupaka madirisha rangi, waumini walibaki baada ya ibada, wakabishana, kisha wakainua mikono. Kanisa lilisimama mlimani juu ya Mukurweini, katikati ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo ukungu wa Julai hukaa hadi saa sita mchana.

Habari za mwanzo wake nilizipata kwa cucu, mama yake baba. Babu na wenzake walitoka katika kanisa kubwa kwa sababu walichoka kuamuliwa mambo na watu wasiowahi kupanda mlima huo. Wanaume walichimba msingi. Wanawake walibeba mawe kutoka mtoni, mzigo mgongoni na ukanda wa ngozi kichwani. Cucu alizikwa akiwa na mfereji wa ukanda huo kwenye paji la uso. Alipokuwa hai sikuwahi kumsikia akijivunia. Alisema tu kwamba mawe yale yalikuwa baridi.

Nilipokua, baba alikuwa shemasi. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa seremala, na mabenchi yote ya kanisa aliyatengeneza yeye kwa mbao za msonobari. Ndugu hao waliimba besi pamoja, wakichangia kitabu kimoja cha nyimbo.

Kisha vijana wakaanza kuhama. Wengi walipata kazi Nyeri mjini na kupanga vyumba Gatitu, pembeni mwa mji. Jumapili zikawa na nafasi nyingi kwenye mabenchi. Baba mdogo, ambaye naye alikuwa amefungua karakana huko, akaleta shauri kwamba kanisa lihamie Gatitu, karibu na lami. Walijadiliana Jumapili kadhaa. Siku ya kupiga kura nilikaa karibu na mama, na niliona mikono ya kuhama ikiwa mingi kuliko ya kubaki. Mama hakuinua wake upande wowote.

Baba akasimama. "Hiyo kura siitambui," alisema. "Hii kanisa haiwezi kubebwa kama meza."

Baba mdogo alimgeukia. "Ndugu yangu, si ni wewe ulitufundisha kuinua mikono?"

Baba alichukua Biblia yake akatoka, na wazee wenzake wakamfuata nje kwenye manyunyu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa makanisa mawili.

Jumatatu gari aina ya pikapu lilikuja kuchukua mabenchi. Baba mdogo aliyapakia mwenyewe akisaidiwa na mafundi wake. Baba alisimama mlangoni, mikono ndani ya koti.

"Uliyatengenezea Mungu," alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuachia nusu," baba mdogo alijibu, akaingia garini.

Hawakuzungumza tena kwa miaka mingi. Krismasi tulichinja peke yetu. Watoto wa baba mdogo tulikutana nao sokoni, tukasalimiana haraka kama watu wanaodaiana.

Siku moja binti wa baba mdogo alinipigia simu kwamba baba yake amelazwa Nyeri, na hali si nzuri. Nilimwambia baba nikidhani atakataa. Alivaa viatu. Wodini aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na baba mdogo, ambaye sasa alikuwa mifupa tu chini ya blanketi, akamuuliza, "Kahawa iko aje?"

"Iko na ugonjwa kidogo. Matunda yanaanguka."

"Nyunyiza mapema."

"Nitanyunyiza."

Waliongea kahawa mpaka muuguzi akatutoa. Kuhusu kanisa hawakusema hata neno moja. Tulipokuwa tukishuka ngazi baba alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, na akasema, "Nitarudi wiki ijayo nimwambie." Wiki iliyofuata baba mdogo alikuwa mochari.

Mazishi yaliongozwa na kanisa la Gatitu. Kulikuwa na mahema na spika kubwa. Baba alimwendea mwendesha shughuli, kijana asiyemjua, akaomba dakika chache za kumwombea ndugu yake. "Pole mzee, ratiba imejaa," kijana alimwambia kwa upole. Baba akarudi kuketi. Watu walipokwisha kwenda kula, nilimwona amesimama peke yake kando ya udongo mbichi, kofia mkononi, midomo ikicheza. Mvua ilianza. Hakuvaa kofia.

Baada ya hapo hakuimba tena kanisani. Mwaka uliofuata yeye pia tulimzika.

Kanisa la mlimani lilibaki na wajane. Mchungaji alikuja kwa bodaboda mara moja kwa mwezi, naye akaacha kuja matope ya barabara yalipomshinda. Mwishowe mama na wenzake wakakutana kuamua kama kanisa lifungwe. Nilikuwepo, nimewapelekea chai kwenye chupa. Mmoja aliuliza kama kuna yeyote atakayeweza kupanda mlima Juni na Julai. Waliinua mikono kulifunga, ya mama ikiwa ya mwisho, kisha wakakaa wakinywa chai. Sasa chama cha wafugaji huweka humo chakula cha ng'ombe, na ukipita unasikia harufu ya pumba.

Jumapili nampeleka mama Gatitu. Binti wa baba mdogo humtafutia kiti cha plastiki karibu na ukuta, humfunika miguu kwa leso, na kumwita mama mbele ya watu. Waumini wa mjini humsalimia kwa heshima na kupita. Tukirudi nyumbani mimi humuuliza mahubiri yalikuwa ya nini.

"Sikusikia vizuri," husema. "Spika ziko na kelele."