Bibi wa Kibamba na Watazamaji Wake

Kwa miezi kadhaa sasa namwonea wivu bibi kizee asiyekuwepo duniani. Ana mkongojo, ana sauti ya kukwaruza, ana ulimi wa pilipili, na anaigizwa na mwalimu wa hesabu mwenye upara aishiye Kibamba, rafiki yangu tangu tulipokuwa chumba kimoja chuoni. Nimejaribu kuupa wivu huu majina ya heshima, kama vile "suala la ubora wa sanaa", lakini majina hayakukaa.

Mambo yenyewe yako hivi. Kila Jumapili, chakula cha mchana kikishashuka, watu wanne tuliokwisha kupita umri wa kuulizwa tunacheza nini tunakutana mtandaoni kucheza mchezo wa hadithi. Dada mmoja mfamasia, mkazi wa Gongo la Mboto, ndiye mwenye hadithi: yeye hutuambia tumefika lango gani na nani analilinda. Sisi watatu kila mmoja ana mhusika wake, anasema na kutenda kwa niaba yake, na pale isipojulikana kama jambo litafaulu, dadu hurushwa. Mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindi mzaliwa wa Kariakoo, anaigiza mwizi, kwa sababu, anavyosema, dukani amechoka kuwa mwaminifu. Rafiki yangu ni bibi. Mimi ni kadhi aliyefukuzwa mjini kwa kusema kweli. Nilimwandikia kadhi huyo historia ndefu ya maisha, yenye sura na tanbihi, nikawatumia wenzangu. Wote walinishukuru. Hakuna aliyeisoma.

Tulicheza faraghani mpaka mfamasia alipopendekeza tuwaruhusu watu watutazame. Watazamaji wangefungiwa maikrofoni, wakawa wanaandika tu pembeni ya kioo. Na sharti moja kubwa: akitokea hata mmoja wetu hapendi, mlango unafungwa. Niliunga mkono kuliko wote, na sababu yangu ilikuwa mke wangu.

Mke wangu ni mtu wa kucheka. Kicheko chake huanzia puani, husita kidogo, kisha huachiwa chote. Zamani tukichumbiana nilikuwa nakitoa nitakavyo, kama mtu aliyeshika koki ya bomba. Sijui ni lini upande wangu ulikauka. Anacheka na dada zake kwenye simu, anacheka na muuza samaki anayepita mtaani kwetu Bunju. Mimi huniambia "mh". Makala ninazoandika husoma mpaka aya ya pili, halafu huuliza kama nimefunga geti. Nikaona basi, hii ndiyo nafasi. Atanitazama nikiwa kadhi, atakumbuka aliolewa na nani.

Siku ya kwanza mwenye hadithi alitusimamisha mbele ya lango linalolindwa na jini. Akashusha sauti, akasema jini amefumbua jicho moja. Hapo hapo pembeni yakaanza: Assalaam aleikum. Habari za mchana wapendwa. Shikamooni. Tulikuwa tumesahau tulikolelewa. Mtu akiingia nyumba ya watu, hata kama nyumba yenyewe ni ya mtandaoni, hawezi kukaa kimya kama mwizi. Na wenye nyumba hawawezi kuiacha salamu ining'inie. Mfamasia akaitikia. Mfanyabiashara akaitikia, akaulizia na hali za wagonjwa. Shangazi yake mfamasia alipoandika kwamba na yeye yupo, ikabidi sote tumwamkie, na jini akangoja, jicho moja wazi. Waliomaliza kusalimia wakaanza kushauri, maana kwetu kutazama mchezo ni kuucheza. Anayekijua kijiwe cha drafti anajua kwamba anayesogeza kete ni mtumishi tu wa waliosimama nyuma yake. Braza usifungue huo mlango. Mwizi apite dirishani. Kadhi apunguze maneno.

Nikapendekeza kanuni: watazamaji wasisalimie. Nilieleza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwamba salamu zinaukata uzi wa hadithi.  Mmoja akaandika pembeni: Kumbe kadhi anaringa.

Rafiki yangu hakupendekeza chochote. Alikohoa kikohozi cha kizee, akaitikia kwa sauti ya bibi.

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni mkae. Aliyekula asinisimulie alichokula, nina jini hapa." Kisha akamgeukia jini. "Na wewe, watu wote hawa wanakusalimia, umekodoa jicho tu. Kwenu hamkufunzwa?"

Mwenye hadithi akarusha dadu. Jini akaona haya, akafungua lango.

Tangu hapo watazamaji walikuwa wa bibi. Waliongezeka kila Jumapili, wakaja na ndugu zao, na kila aliyeingia alimwamkia yeye kwanza. Mke wangu alikuwa anatazama kwa simu sebuleni, mimi nikiwa chumbani upande wa pili wa ukuta. Picha huwafikia watazamaji ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo nikawa nasema neno langu, halafu nangoja, sikio ukutani. Kadhi akisema, nasikia feni. Bibi akisema, nasikia feni, feni, halafu kile kicheko: puani, kusita, kuachiwa.

Siku mke wangu alipoandika kwa mara ya kwanza aliandika "Shikamoo bibi", na bibi akamtambua.

"Marahaba mjukuu wangu. Huyo mumeo hajambo, au bado anahutubia?"

Nilikuwa nimekaa pale pale, uso wangu kwenye kioo mbele ya watu wote. Nilijaribu kutabasamu kikadhi.

Bibi akahamia nyumbani. Nikichelewa bafuni, mlango unabishwa na sauti ya kukwaruza inasema, "Kadhi, maji yakiisha hayana rufaa." Nilimwuliza mke wangu bibi alilisema lini hilo. Akasema hajawahi kulisema, ila ndivyo angesema.

Nikaamua kupigana. Hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo kadhi anarudi mjini kumkabili sultani aliyemfukuza, na wiki nzima nilijizoeza hotuba mbele ya kioo cha bafuni, jambo ambalo, nikitazama nyuma, ndilo lililokuwa linamaliza maji. Siku ilipofika nilisimama wima mbele ya kamera. Nikafika pale kadhi anapovua kilemba chake na kukilaza miguuni pa sultani. Hapo nikanyamaza kwa makusudi, ili iwaingie. Pembeni mtu akaandika: Bibi kaishiwa bando? Mwingine akaandika: Labda kalala. Na bibi, ambaye rafiki yangu kwa hisani yake alikuwa amemnyamazisha muda wote ili anipishe, akakoroma. Kicheko kilichokuja kupitia ukutani kilikuwa kirefu kuliko vyote vilivyotangulia.

Mchezo ulipoisha niliwaomba wenzangu wabaki, nikawakumbusha lile sharti. Nilizungumzia faragha. Nilizungumzia msanii anavyoharibiwa na makofi. Rafiki yangu, ambaye huniita profesa tangu niliponyimwa kazi ya kufundisha chuoni, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Profesa," akasema, "sema tu mkeo anampenda bibi."

Nikasema sivyo. Mabega ya mfanyabiashara yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye kioo. Mfamasia akasema sharti ni sharti, akafunga mlango, kwa sauti ya mtu anayeondoa sinia kabla watoto hawajashiba.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba hakuna tena kutazama. Akauliza nani kakataa. Nikasema mimi, nikaanza na ule uzi wa hadithi unaokatika.

"Mwanamume mzima," akasema, "unamwonea wivu shemeji kwa kujifunga kanga?"

"Hajifungi kanga. Anavaa fulana."

"Mie nilikuwa naiona kanga." Akafikiri kidogo, kisha akatoa hukumu. "Basi utakuwa unanisimulia wewe. Na usinifupishie."

Hivyo Jumapili iliyofuata nikajikuta jikoni, nimeegemea friji, nakwaruza koo. Nilimsimulia jinsi bibi alivyomwambia mpishi wa sultani kwamba wali wake unahitaji talaka. Mara mbili alinikatiza: bibi hawezi kutamka hivyo, rudia. Nikarudia. Akacheka, kile chenyewe, mbele yangu, bila ukuta wala kuchelewa, na bado kilikuwa kicheko cha kupelekwa Kibamba. Mimi nilikuwa mtu wa posta.

Wiki iliyofuata nikachomeka neno langu. Nilimsimulia mlinzi wa lango anamwuliza bibi umri wake, jambo ambalo halikutokea kabisa, na bibi anamjibu: "Muulize mwezi. Mie ndiye niliyekuwa namfunga nepi." Mke wangu aliweka kisu chini. Alicheka mpaka akakaa. Nilikuwa navuta pumzi ili nimwambie hilo ni langu, aliposema, "Shemeji ana kipaji, jamani," akachukua simu, akampigia, akafungua spika.

"Shemeji, hilo la mwezi na nepi umelitoa wapi?"

 Niliomba kimoyomoyo aseme hajui anachoulizwa.

"Ah, mjukuu wangu," bibi akasema. "Mengine yanakuja yenyewe."

Jumapili iliyofuata, mlinzi wa kwanza tuliyekutana naye, rafiki yangu akamwambia amwulize mwezi. Akalisema vizuri kuliko mimi. Mfanyabiashara alipiga meza kwa kicheko, mfamasia akamwongezea bibi bahati kwenye dadu.

Jioni ile mke wangu alipouliza bibi kasema nini leo, nikasema hakusema kitu.

"Hata neno?"

"Alikuwa na mafua."

Alinitazama, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. "Haya. Na kadhi je?"

Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu. Kadhi hakuwa amesema neno. Mchezo mzima nilikuwa nimemtegea bibi sikio, nikihifadhi maneno yake kwa ajili ya jikoni, na zamu yangu ilipofika nilisema napita. Mke wangu alikuwa anangoja, na sikuwa na dadu wala mwenye hadithi wa kuniambia nimefika lango gani. Nikasema kadhi alikuwa amesimama sokoni bila kilemba, watu wanapita hawamtambui, na mama mmoja anamwomba amshikie kuku wake. Nikaendelea kutoka hapo, sijui naenda wapi.

Hakucheka. Alipomaliza kumenya vitunguu alifuta mikono, akavuta kigoda.

"Akamshika?" akauliza.