Pakiti ya Kijani

Siku Bwana Guo alipomwona kwa mara ya kwanza yule msichana, alikuwa amechuchumaa dukani kwake, nyuma ya chuo kikuu cha Hsinchu, Taiwan, akikagua tarehe za kuisha muda za pakiti za vitafunio vya mahindi. Alichagua ya kijani, kama wafanyavyo wote pale ili mashine zisigome, akaiegemeza kwenye kompyuta yake. Tangu hapo alikuja kila alasiri kuketi pale na kuomba mtandaoni nafasi ya uzamivu katika uchambuzi wa data, yenye ufadhili. Kabla ya kutuma ombi aliipapasa pakiti kama kichwa cha mtoto. Majibu yakawa yaleyale: amekubaliwa, ajilipie. Hakuwa na cha kujilipia.

Siku ya usaili wa mtandaoni, za kijani zilikuwa zimekwisha. Bwana Guo, uso umemwiva kwa haya, akamsogezea ya njano.

"Mjomba, hiyo ni ya watu wa benki."

"Kwani wewe hutafuti pesa?"

Akaiegemeza. Majibu yalipokuja, alimnong'oneza, kama kawaida yake, asije akaishtua mashine: "Wamenipa ufadhili wote. Sisemi ni pakiti, mjomba. Mfano mmoja hauthibitishi kitu. Ila hiyo ya njano usimuuzie mtu mpaka nitie sahihi mkataba."