Gunia la Mama Lililokataliwa

Mimi ndiye niliyelikataa gunia la mama yangu. Nalisema mapema, nisije nikajisafisha njiani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne wakati serikali inapunguza wafanyakazi na chama cha ushirika kimebaki majengo. Ghala lake pale Lushoto mjini lilikodiwa na shirika moja la wazungu lililokuwa likitafuta mbegu za maharage za kupeleka Rwanda. Vita vilikuwa vimekwisha kule, watu wanarudi mashambani, mbegu hakuna. Wakulima wa Magamba, kijijini kwetu juu mlimani, waligawiwa mbegu nyekundu za aina moja wazizalishe, na mimi nikaajiriwa kuzikagua. Nilipewa koti jeupe. Nani kama mimi.

Sharti lilikuwa moja tu: ikionekana punje ya rangi nyingine, gunia zima linarudi.

Mama naye alizalisha. Alizipanda zenyewe tu kama alivyoagizwa, lakini alinung'unika msimu mzima, maana kwetu mwanamke hapandi maharage ya aina moja. Mekundu hayapendi mvua nyingi. Ya njano huiva upesi. Meusi madogo hustahimili jua. Ukiyachanganya, msimu uwe uwavyo, hukosi cha kutia chunguni. Siku moja tulikuwa tukisikiliza habari za Rwanda redioni, akauliza, "Hao wenzetu wanapelekewa aina moja. Ikikataa je?" Nikamjibu kwamba wataalamu wanajua. Akanitazama, kisha akaendelea kumenya viazi.

Siku ya kupokea mbegu aliteremka kutoka Magamba na gunia lake dogo kichwani. Nilipolifungua nilihisi uso unawaka. Lilikuwa na kila rangi. Alikuwa amechukua mbegu zake mwenyewe, zile anazozihifadhi darini juu ya meko, akazichanganya na zile nyekundu zilizokuwa safi kabisa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewatengenezea."

"Hairuhusiwi."

"Hizo zangu sitaki malipo. Nawapa. Aliyefiwa humpi mbegu ya aina moja, mwanangu."

Foleni nzima ilikuwa ikitusikiliza. Ningeweza kumvuta pembeni tukazungumza kama mtu na mamaye. Badala yake nikasema kwa sauti, "Mwingine."

Mama alifunga gunia lake polepole. Kulirudisha Magamba, mlima wote ule, asingeweza, akaliegemeza ukutani na kuondoka. Sikumsindikiza hata hadi mlangoni. Nyumbani, siku tatu mfululizo, alinijibu marahaba na basi. Chakula aliniwekea kama kawaida, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Siku ya nne alikuja mama mmoja Mnyarwanda, mtaalamu wa kilimo wa shirika, kuzikagua mbegu kabla hazijapakiwa kwenye lori. Alikuwa wa umri wa mama yangu. Alipita gunia hadi gunia akiitikia kwa kichwa kwa adabu, hadi akafika pale ukutani.

Nikawahi kusema, "Hilo tumelikataa. Limechanganywa."

Alilifungua hata hivyo. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na konzi ya maharage, akaanza kuyataja kwa lugha ya kwao, punje moja moja. Alipofika kwenye meusi aliacha, akanigeukia.

"Nani amechanganya?"

Nilitamani kusema sijui. "Mama yangu."

"Mama yangu pia alipanda hivi," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nyumba yetu ilichomwa na ghala lake la mbegu ndani. Nipeleke kwa mama yako."

Mkubwa wetu mzungu alieleza kwamba gunia lile halimo kwenye orodha. Yule mama akamwambia kwamba basi litasafiri kama mzigo wake, na halikuzungumzwa tena.

Tulimkuta mama uani akipepeta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, kisha akamkaribisha mgeni na kumpa kigoda. Mgeni akamweleza kwamba gunia analichukua yeye mwenyewe, litapandwa kwao lilivyo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakunirushia hata jicho la kunisuta, na wallahi nilistahili.

"Una watoto?" akamwuliza.

"Nilikuwa nao wanne. Amebaki mmoja. Msichana."

Mama aliinuka, akaingia ndani, tukamsikia akipanda darini. Alirudi na ungo uliojaa mbegu zilizobaki, zile alizoziweka kwa ajili ya shamba letu sisi, zikinuka moshi.

"Hizi ni za huyo mmoja," akasema.

Nikajua maana yake: msimu ule sisi tungeomba mbegu kwa majirani. Mgeni alifunika uso kwa kitenge chake akalia, na mama akamwacha alie. Kisha akanigeukia mimi, akanipa gunia tupu.

"Shika mdomo wake vizuri," akaniambia, "zisimwagike."