Pikipiki Isiyo na Sauti ya Shemeji

Mume wangu ni fundi wa friji, na majirani wanamwita Daktari wa Baridi. Akiingia jikoni kwa mtu hagusi kitu kwanza. Anainama nyuma ya friji, anaweka sikio karibu na mota, anafumba macho, na mwenye nyumba anabaki amesimama pale kama aliyempeleka mtoto kupimwa. Kisha anainuka: "Gesi imeisha," au "Mota inakufa," na ni nadra akosee. Sikio hilo limetulisha tangu tuoane, siwezi kulisema vibaya. Lakini ndilo lililotuponza.

Alihitaji pikipiki. Kazi yake ni ya kuzunguka nyumba za watu, begani mtungi wa gesi, mkononi sanduku la vifaa, na goti moja lilikwisha kuanza kumlalamikia. Za bei kubwa hatukuziweza, za kuungaunga hakuzitaka. Tulitafuta ya katikati, ya mtu wa kwenda kazini na kurudi. Kwa wengine hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwetu sisi kulikuwa na mama yake, na mama alikuwa na mambo yake na geti.

Kaka yake mume wangu, yaani shemeji yangu, hakuwahi kuoa, alikuwa akiishi nasi. Alikwenda kazini kwa pikipiki, na siku moja ya mvua hakurudi. Lori liliteleza likamkuta pembeni mwa barabara. Tulimzika, na mama alitupia udongo kwa mkono wake mwenyewe. Akili yake ni nzima kabisa. Ukimuuliza mwanawe wa kwanza yuko wapi, atakuonyesha upande wa makaburi. Ila jioni, pikipiki ya aina ile ikisikika kule barabara kuu halafu sauti ikapotea, mama huweka chini anachokifanya, huenda getini, huvuta komeo na kufungua wazi. Kisha husogea kando akapisha. Anapisha kitu chenye upana wa pikipiki na mtu wake. Kikishapita hufunga, akarudi kukunja nguo.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo nywele zilinisimama. Nilimwambia mume wangu tumpeleke mama hospitali, au kwa watu wa kumwombea, popote pale. Akanikata kauli: "Mama si mgonjwa. Anajua. Miguu yake tu ndiyo haijaambiwa." Ubaya ni kwamba baada ya muda na mimi nikaanza kuogopa kupita katikati ya geti jioni. Nikawa napita ukutani ukutani kama mwizi.

Ndiyo maana kununua pikipiki kukawa mtihani. "Nataka isiyofanana na ya kaka hata kidogo," alisema. "Nikija na sauti ile kila siku, nitammaliza mama."

Dukani walituonyesha tatu za bei ya kukaribiana. Nyekundu ilikuwa aina ileile ya shemeji: haili mafuta, na spea zake utazikuta hata duka la sabuni. Ya bluu ilikuwa nyepesi, breki zake zinashika vizuri, ila spea ungeagiza na kusubiri mpaka usahau ulichoagiza. Nyeusi ilikuwa nzito, kiti kipana, inatulia barabarani hata ukiwa na mzigo, lakini mafuta ilikuwa inayafakamia. Mtu mwenye akili timamu angechukua nyekundu akaenda zake. Mume wangu aliomba ziwashwe moja baada ya nyingine, akainama, akafumba macho. Muuzaji uvumilivu ukamwisha: "Bwana, unanunua pikipiki au redio?"

Hakujali. Akambembeleza yule muuzaji mpaka akakubali kijana wake azipitishe zote mbele ya nyumba yetu, na mimi nikawekwa sebuleni kumpeleleza mama mkwe wangu. Bluu ilipopita, mama alisonya tu kwa kelele. Nyeusi ilipopita hakuinua hata kichwa. Ilipokuja nyekundu, mkono wake uliganda juu ya foronya. Akageuza uso dirishani, akasikiliza mpaka ilipopita geti letu na kuendelea kunguruma hadi mwisho wa mtaa. Halafu akaikunja ile foronya, polepole, wala hakuinuka.

Nilimsimulia mume wangu vyote, hata kwamba mama hakuinuka. Yeye alichosikia ni habari ya mkono. "Umeona?" akasema. "Nyekundu hapana." Na mimi nikaona yuko sawa. Tukanunua nyeusi.

Mama aligusa kiti chake, akasema hongera, akaingia ndani. Hakuuliza ina nguvu kiasi gani wala kama inakaa watu wawili. Ya shemeji, nakumbuka, mama aliifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi.

Hapo niseme ukweli wa nyumba hii. Mume wangu alikulia kwenye kulinganishwa. Kaka alisoma upesi kuliko yeye, kaka alijua kuongea na watu, kaka aliamkia wakubwa vizuri. Nilidhani msiba ungeyamaliza hayo, kumbe ndipo yalipozidi, maana marehemu hakosei tena. Na sasa kila jioni mume wangu alifika na nyeusi yake ikinguruma mpaka getini, na mama asisogee. Alilazimika kubisha.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Siku moja, akivua viatu, aliniambia kwa sauti ya chini: "Kaka yuko kaburini na anafunguliwa kabla hajabisha. Mimi niliye hai napiga bati mpaka vidole vinauma." Niliumia.

Lakini nyeusi ilikuwa inakula mafuta kweli, na kutoka kona ya duka la vioo, pale barabara kuu, mpaka kwetu ni mteremko. Jioni moja akafanya wanavyofanya wenye pikipiki wote: akazima mashine pale konani akaiachia iteremke yenyewe. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilisikia mngurumo wa nyeusi, kisha kimya. Sebuleni, mama aliinua kichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikwisha kuchelewa. Shemeji naye alikuwa akizima palepale. Mama hakuwa akisubiri aina ya mashine. Alisubiri inyamaze. Nyekundu ya dukani ilipita bila kunyamaza, kwa hiyo aliiacha iende.

Alinipita mlangoni bila kuniona. Komeo likavutwa, geti likafunguka kabla mtu hajabisha, na mama akasogea kando. Mume wangu akaingia taratibu juu ya nyeusi, helmeti kichwani, kioo cheusi kimefunika uso. Akakanyaga breki.

"Umechelewa leo," mama alisema. Sauti ile sikuwahi kuisikia akimpa mume wangu.

Nilimwona mkono umeng'ang'ania usukani.

"Na mdogo wako kanunua pikipiki," mama akaendelea. "Sikumwambia kitu. Nilishindwa hata kuiangalia. Kila jioni nasikia yake inafika, ndipo napumua. Akibisha namuuliza ni nani, anajibu. Namuuliza tena ili nimsikie tena." Akajifuta uso kwa kiganja. "Huyu sina mwingine, baba. Kaa naye njiani."

Nilitamani mume wangu avue helmeti. Nilitamani pia asivue. Ndani ya ile helmeti ikatoka sauti nzito, iliyokauka:

"Nitakaa naye, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani akiacha geti wazi. Mume wangu aliisukuma pikipiki mpaka uani, akaegemea ukuta akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kisha akanawa uso bombani, akazunguka, akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja saa ngapi wewe?"

"Sasa hivi."

"Kaka yako kapita hapa. Kasema atakuwa na wewe njiani." Akamsogezea kiti. "Haya, kaa ule."

Akakaa. Mama akampakulia kwanza yeye, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani mwetu. Mimi nikatoka kwenda kufunga geti. Mtaa ulikuwa mtupu mpaka juu konani. Nilishika komeo, nikasogea kando kwanza, nikangoja kidogo, ndipo nikafunga.