Komeo la Nyumba ya Taimi

Siku Ilpo alipomwona Oiva kwa mara ya kwanza, alidhani ameona maiti. Mzee mkubwa wa mwili alikuwa amelala chali uani kwake, mikono ameitandaza, kofia imemfunika uso, na chavua ya njano ya misonobari ikimdondokea taratibu kama unga unaochungwa. Ilpo alikuwa amehamia juzi tu katika nyumba aliyoachiwa na shangazi yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye haya tangu utotoni, mtu wa kuvuka barabara ili asisalimiane na wapita njia. Akasimama nyuma ya vichaka vya matunda ya rasiberi vilivyotenganisha nyua zao, akijiuliza amwite nani, na aanze kwa neno gani.

"Ukingoja nife utachoka," mzee akasema chini ya kofia. "Pita hapo penye pengo, uje unishikie kamba."

"Nilidhani umeanguka, mzee."

"Nimelala. Natafuta mahali nyasi zilipo na joto. Mtoto hachezi penye baridi." Akainua kofia kidogo, jicho moja likamchungulia. "Wewe si ndiye mpwa wa marehemu Hilja? Aliniambia unaongea mara mbili kwa mwaka."

"Mara tatu," Ilpo akasema, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake.

Mzee akacheka mpaka tumbo likatikisika, na Ilpo akajikuta ameshika ncha ya kamba.

Oiva Rautiainen alikuwa fundi wa sauna, vile vibanda vya mbao ambamo watu huoga kwa mvuke wa mawe ya moto. Kando ya ziwa walikoishi hapakuwa na sauna ambayo hakuijenga, au kuikarabati, au angalau kuitukana akipita. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na masikio yake yalikuwa yameharibiwa na misumeno, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya maji. Mwanzoni mwa kiangazi binti yake Marjut, aliyekuwa ametoka kuachana na mumewe, alimleta Taimi, mtoto wake wa miaka mitano, akae na babu wakati yeye akijipanga upya mjini.

Taimi alikuwa hajamwambia babu yake neno hata moja. Kila Oiva alipotokea, mtoto alikimbilia banda la kuni, akavuta mlango, akapitisha kijiti kwa ndani kuufunga. Mzee alisimama nje na sahani mkononi.

"TAIMI! ANDAZI LA ILIKI HILI!"

Aliiacha sahani juu ya gogo la kupasulia kuni, akaenda zake. Akirudi, sahani ni tupu na mlango umefungwa.

Marjut alipiga simu. Oiva alipomsimulia Ilpo habari hiyo baadaye, huku akipiga randa, hakupiga kelele kama kawaida yake. "Ameniambia, 'Baba, nikija sikukuu ya katikati ya kiangazi nikamkuta bado anaishi na kuni, naondoka naye. Nitamtafutia mahali huku huku mjini.'" Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Ana haki. Lakini akienda safari hii hatarudi. Atakua akijua tu kwamba babu yake ni lile jitu lenye makelele."

Ndiyo sababu ya ile kamba na zile nyasi zenye joto. Alikuwa anamjengea Taimi nyumba ya kuchezea.

Siku za kazi ile zilipita kama ndoto ya mtu aliyelala macho wazi. Kama ilivyo kiangazi huko kaskazini, jua halikuwa na haraka ya kwenda popote. Lilizunguka juu ya ziwa, likainama kidogo, kisha kama limebadili mawazo likapanda tena. Utomvu ulichuruzika kwenye mbao mpya mithili ya asali, na harufu yake ikamlevya Ilpo hata akasahau kuona haya. Ng'ambo ya maji ndege aitwaye kekeo aliita, akanyamaza, akaita tena, na kila mara ilikuwa kama anaita kutoka msitu mwingine. Maranda yalijikunja, yakabiringika nyasini, yakaenda na upepo hadi bandani. Safari moja Ilpo aliona mkono mdogo ukitoka chini ya mlango wa banda, ukaokota kipande kirefu kilichojiviringa, ukarudi nacho gizani. Hakumwambia Oiva. Ilikuwa kama kuona mnyama wa msituni amekuja kunywa maji. Ukisema tu, amekwenda.

Nyumba ikainuka, na kadiri ilivyoinuka ndivyo ilivyofanana na kitu kingine. Seija, mpeleka barua, ndiye aliyesema waziwazi.

"Oiva! Mjukuu wako unataka kumpika?"

"Hii ni nyumba ya kuchezea."

"Yenye benchi za ngazi? Na kijidirisha cha kutoa pua tu upige chafya? Mawe ya moto utayaweka wapi?"

"Peleka barua, Seija. Zinachacha."

Lakini alipoondoka, mzee alirudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake, akakuna kichwa. "Ilpo. Nimejenga sauna?"

"Kidogo, mzee."

"Mikono hii ni mijinga. Inajua njia moja tu." Akacheka, akamwambia Ilpo ashike mlango autie bawaba. Ulifunguka kwa nje, mwepesi, kwa kusukumwa na kidole. "Hapa sasa sioni haya," akasema. "Milango yangu yote hufunguka nje, na hakuna hata mmoja wenye komeo. Mtu akizidiwa na mvuke huanguka mbele. Mlango lazima umwachie apite."

Nyumba ilipokamilika, Oiva alitandika mkeka, akaweka vikombe vidogo kwenye benchi, akaenda kujificha nyuma ya nyumba kubwa pamoja na Ilpo, watu wazima wawili wamejibanza ukutani kama wezi wa kuku. Taimi alitoka bandani. Alikuwa na nywele nyeupe kama pamba, na vipande vya magome ya kuni begani. Alizunguka nyumba yake, akaigusa, akaingia. Mlango ukajifunga. Mara ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Alikuwa anaujaribu. Akatafuta pa kupitishia kijiti chake, hakupaona. Akatoka, akarudi taratibu kwenye banda la kuni.

Oiva akatoka mafichoni. Alikwenda kukusanya vikombe, kimoja kimoja, na vidole vyake vikubwa vilionekana havijui namna ya kuvishika.

Sikukuu ilikuwa keshokutwa. Ilpo alikaa jikoni kwake, kahawa ikapoa mbele yake. Alikuwa anajua kilichokosekana. Alikijua kama mtu anavyojua njaa, kwa sababu utoto wake wote aliupitisha nyuma ya milango aliyoifunga mwenyewe, akisikiliza sauti za wageni, akingoja hamu ya kutoka imjie. Ukifungiwa, unaogopa. Usipoweza kujifungia, unaogopa zaidi. Lakini kwenda kumwambia fundi wa miaka yote ile kwamba mlango wake una kasoro! Alifika hadi kwenye pengo la rasiberi, akarudi. Akaenda tena.

"Mzee. Mtilie komeo."

"Nini?"

"Komeo! Kwa ndani!" Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kelele tangu ahamie.

Uso wa Oiva ukabadilika. "Sitii. Muulize mtu yeyote kando ya ziwa hili. Rautiainen hatii komeo."

"Hakuna mvuke mle, mzee. Hakuna moto."

"Kaka yangu Eevert alijifungia saunani kwa mchezo tu," mzee akasema. "Kulikuwa na kulabu ndogo mlangoni, kama kidole cha mtoto. Tulisikia amenyamaza. Baba akaenda kutafuta shoka." Akageuka akatazama maji. "Shoka lilikuwa mbali. Nenda nyumbani, Ilpo."

Ilpo akaenda, masikio yanawaka moto, akajiapiza kutofungua tena kinywa chake kijijini hapo.

Asubuhi akasikia nyundo. Alipochungulia, Oiva alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango mdogo, kichwa ndani, makalio nje, akipigilia komeo la mti alilolichonga mwenyewe, laini kama kijiko, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtoto. Jasho lilimtoka kama aliyebeba mawe. Alipomaliza alikwenda kukaa kwenye gogo, mtaimbo ameulaza miguuni, akamwita Ilpo kwa mkono.

"Kaa na mimi. Peke yangu sitaweza."

Taimi alikuja. Akaingia. Komeo likalia, tak.

Walikaa. Mawingu madogo yalipita juu ya paa. Nyuki aliingia kwenye ua la njano, akatoka, akasahau alikuwa anakwenda wapi.

"Amenyamaza," Oiva akanong'ona. Mkono wake ulikuwa kwenye mtaimbo.

"Anacheza, mzee."

"Eevert naye alinyamaza."

"Ngoja kidogo tu. Nakuomba."

Mzee akafumba macho.

"Babu," sauti ikasema nyuma ya mbao.

"NAAM!" Kisha akajishika, akasema chini kuliko Ilpo alivyowahi kumsikia: "Naam, mama."

"Usiingie."

"Siingii."

"Lakini usiondoke."

"Siondoki."

"Andazi lipo?"

Lilipitishwa kwenye kile kijidirisha cha kupigia chafya. Marjut alipofika siku ya sikukuu, alimkuta baba yake amekaa nyasini, sikio amelibandika kwenye mbao, anasimuliwa hadithi ndefu ya panya aliyeoa sungura, naye anauliza maswali. Marjut alisimama hapo muda mrefu, funguo za gari mkononi. Halafu akaenda jikoni kuchemsha viazi. Taimi alibaki kiangazi chote, na kilipokwisha hakurudi mjini, akakaa kwa babu moja kwa moja.

Oiva alifariki vuli ya mwaka huo ilipoingia, usingizini, wiki ile miti ya magome meupe ilipogeuka njano. Ilpo alikwenda mazishini, na watu walishangaa kwamba aliwasalimia mmoja mmoja.

Mara ya mwisho aliyozungumza na mzee ilikuwa Jumapili kabla ya kifo chake. Alikuwa amemchumia kapu la uyoga. Nyumba kubwa haikuwa na mtu, lakini mbele ya nyumba ndogo palikuwa na viatu: vya mvua vidogo vyekundu, na kando yake buti kubwa mbili za Oiva. Jinsi alivyojikunja akaenea mle, Mungu ndiye ajuaye. Ilpo alibisha. Ndani kulisikika kicheko kilichobanwa, mtu akimwambia mwenzake "shhh," na benchi ikalia chini ya mzigo. Ndipo mzee alipopaza sauti:

"Uje kesho, jirani! Leo tumejifungia."